Zana ya kwanza ya kuvulia kwa kijana wa miaka 13: mwanzi, mshipi wa mkono au fimbo ya rili?

Dada yangu alinipigia simu Jumapili usiku kutoka Igombe, ufukweni mwa Ziwa Victoria hapa Mwanza. Mwanawe ametimiza miaka 13, shule zimefungwa, na zawadi anayoitaka ni moja tu: ndoana yake mwenyewe, si ya kuazima kwa wenzake. "Wewe ndiye mjomba wake," akaniambia, "na kati yetu aliyekulia majini ni wewe. Niambie ninunue nini." Tuliongea mpaka salio lake likakata. Kesho yake nikakaa nikaandika yote, kwa sababu swali hilo naulizwa mara kwa mara na wazazi wa huku kwetu, na jibu la mkato la "mnunulie fimbo nzuri" linaweza kumpeleka mtoto pabaya.

Kwa anayeanza, njia za kuvua kwa ndoana ni tatu: mwanzi wenye uzi uliofungwa nchani, mshipi wa mkono unaozungushwa kwenye kibao au chupa, na fimbo yenye rili, yaani kile kigurudumu cha kukunjia uzi. Wengi huzilinganisha kwa bei na kwa ukubwa wa samaki. Mimi huanza na swali jingine: zana hii itamfanya mtoto asimame wapi? Mwanzi humweka juu ya jiwe, miguu mikavu. Mshipi wa mkono, ili ufanye kazi yake sawasawa, humvuta kuelekea kwenye mtumbwi. Rili humwacha nchi kavu, ila ndoana ikinasa kwenye mawe humtamanisha aingie majini kuifuata. Mwanza hatuhitaji mtu wa kutueleza ziwa hili linaweza nini. Makaburi ya waliozama na meli ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996 yapo Igoma, na kila familia hapa ina mtu anayemkumbuka.

Mtazame mtoto kabla ya kutazama zana

Tuna tabia ya kununua sare ya shule kubwa ili ivaliwe miaka miwili. Kwenye zana ya kuvulia tabia hiyo inaharibu. Fimbo inayomzidi mtoto nguvu humchosha bega ndani ya nusu saa, mkono ukichoka ncha inashuka, na samaki akidona yeye hana habari. Mtoto huyo atarudi nyumbani mikono mitupu siku tatu mfululizo, kisha ataiacha nyuma ya mlango.

Jaribu hivi. Mpe mti mwembamba wa urefu wa mita 3, aunyooshe mbele yake kwa mkono mmoja, kiwiko karibu na mbavu, wewe ukihesabu polepole. Akifika 60 ncha ikiwa bado imetulia, urefu huo anauweza. Ikianza kuinama kabla ya 30, punguza nusu mita ujaribu tena. Mpwa wangu ni mwembamba, miguu mirefu, na mwaka jana aliishia 25. Mwaka huu sijui, nitampima upya.

La pili ni kuogelea. Siulizi kama anacheza majini na wenzake, kwa sababu kucheza wote wanacheza. Nauliza kama anaweza kuelea mgongoni dakika chache akiwa na kaptula na shati, bila kugusa chini. Kama hawezi, zana yoyote utakayomnunulia aitumie akiwa na mtu mzima pembeni, na mtu mzima huyo awe anaogelea.

Mwanzi

Hapa nitakaa kidogo, maana ndio ninaoupenda na ndio unaodharauliwa zaidi. Watu huuona ni wa watoto wasio na hela. Mimi nauona ni mwalimu.

Tafuta mwanzi mkavu ulionyooka, au ufito wa mti mwepesi kama mwanzi haupatikani, wenye urefu wa mita 2.5 hadi 3. Upande wa kushika ujae kiganja cha mtoto, ncha iwe na unene wa penseli. Ukiushika na kuutikisa uchezecheze kuanzia katikati kwenda juu. Ukicheza mpaka mkononi ni dhaifu, usipocheza kabisa utakata uzi. Ukiwa mbichi uache kivulini wiki mbili au tatu, umelala sawa, usiuegemeze ukutani ukapinda.

Uzi wa nailoni wa milimita 0.30 unatosha kwa sato na kwa kambare wa kawaida. Hapa kuna jambo dogo ambalo wengi hulikosea: usifunge uzi kwenye ncha peke yake. Anza kuufunga kama hatua moja chini ya ncha, uuzungushe mara kadhaa ukipanda, kisha ndipo uufunge nchani. Ncha ikivunjika samaki akiwa amenasa, mti uliobaki bado umeshika uzi. Urefu wa uzi uwe sawa na mwanzi au upungue kwa shibiri moja, ili mtoto akiinua mwanzi wima ndoana ije yenyewe mpaka kifuani kwake aishike. Uzi ukiwa mrefu kuliko mwanzi, ndoana itaning'inia nyuma yake, na hapo ndipo masikio ya watu yanapokamatwa.

Boya lisikusumbue. Ndala iliyokatika inatosha: kata kipande cha ukubwa wa kidole gumba, kitoboe katikati, pitisha uzi, uchomeke kijiti cha kiberiti kuubana. Chubwi, yaani uzito wa kuzamisha ndoana, tumia nati ndogo, au omba plagi mbovu kwa mafundi wa bodaboda kama upepo ni mkali. Vile vidonge vya risasi vinavyobanwa kwenye uzi sivipendi kwa mtoto, kwa sababu atavibana kwa meno, na risasi ni sumu.

Sasa sababu ya kuuita mwalimu. Mwanzi haumruhusu mtoto kurusha mbali, kwa hiyo unamlazimisha kuyasoma maji yaliyo karibu. Ataanza kuona pale mawe yanapotengeneza kivuli, pale majani yanapoishia na mchanga kuanza. Atalijua boya kama anavyoijua sauti ya mama yake. Furu, vile visamaki vidogo, hulidonadona bila kulizamisha, tiki tiki tiki, na chambo huisha. Kambare hana adabu, hulizamisha moja kwa moja. Sato ndiye mwenye akili: boya hutikisika kidogo, hutulia mpaka unadhani ameondoka, halafu hulala ubavu na kuanza kutembea pembeni polepole. Linapotembea ndipo mtoto anainua mwanzi, kwa kifundo cha mkono, si kwa bega zima. Akivuta lile la kwanza lilipotikisika, amemkosa. Nimeona watoto wawili wamekaa kwenye jiwe moja kule Luchelele, mmoja na fimbo ya dukani, mwingine na ufito, na wa ufito ndiye aliyekuwa na mlo kwenye ndoo.

Faida nyingine ni kipimo. Kanuni za uvuvi hapa kwetu zinakataza sato aliye chini ya sentimita 25 na sangara aliye chini ya sentimita 50. Chukua kisu, chora mkwaju kwenye mwanzi sentimita 25 kutoka upande wa kushikia, na mwingine kwenye 50. Mtoto akimlaza samaki kando ya mwanzi, jibu liko hapo hapo, hana haja ya kubishana na nafsi yake.

Mapungufu yapo. Samaki wakihama kwenda kina kirefu, mwanzi haufiki. Sangara wa kilo tano haumwezi. Na kuusafirisha ni taabu: kwenye daladala utagombana na kondakta, kwenye bodaboda ni hatari kwa wengine. Mtoto anayeishi Buhongwa au Nyakato, ambaye kufika ziwani ni safari, ana haki ya kufikiria fimbo zile zinazochomoana kama antena ya redio. Nyingine ni za nyuzi za kioo, nyingine za kaboni. Za kaboni ni nyepesi mkononi, ila kaboni hupitisha umeme. Ukiwa na mtoto anayepita chini ya nyaya akiwa amenyoosha fimbo ya mita 4, au anayebaki juu ya mawe wakati radi inaanza kunguruma upande wa Ukerewe, nyuzi za kioo ni salama zaidi. Hata hivyo radi ikisikika, zana yoyote ilazwe chini na mtoto aondoke.

Mshipi wa mkono

Kwa bei hakuna unaoushinda. Uzi, ndoana, chubwi, kibao cha kuzungushia, basi. Unaingia mfukoni. Na kwa raha ya kumhisi samaki hakuna zana nyingine inayoukaribia, kwa sababu hakuna kitu kati ya kidole na mdomo wa samaki isipokuwa uzi wenyewe. Wazee wa Kayenze niliowakuta nikiwa mdogo waliweza kukuambia aliyedona ni nani kabla hajatoka majini.

Lakini kwa mtoto wa miaka 13 sio wa kwanza, na nina sababu ninayoitembeza mwilini. Nikiwa na miaka 12 nilikuwa kwenye mtumbwi na jamaa wa familia, asubuhi, maji yametulia. Niliona uvivu kuushika kibao, nikauzungusha uzi kwenye kiganja mara tatu ili usiniponyoke. Sangara aliyekuja hakuwa mkubwa kwa macho ya wavuvi. Uzi ulikaza, ukaingia kwenye nyama ya kidole cha shahada mpaka nikauona mweupe chini, nami sikuweza kuufungua kwa sababu alikuwa anavuta. Aliyenisaidia aliukata kwa meno. Kidole hicho hakikunji vizuri mpaka leo.

Samaki hawa hufika zaidi ya kilo 100. Huwezi kujua ni nani anakuja upande wa pili wa uzi, kwa hiyo sheria ya mshipi wa mkono ni moja na haina msamaha: uzi hauzungushwi mwilini, si kiganjani, si kiunoni, si kwenye kidole cha mguu wakati unakula muhogo. Uwe mnene, milimita 0.60 au zaidi, hata kama samaki unaowatafuta ni wadogo, kwa sababu unene huo ni kwa ajili ya mkono na si kwa ajili ya samaki. Glovu za pamba zile za mafundi ujenzi zinasaidia sana.

Kingine ni ule mvuto wa mtumbwi. Kutoka ufukweni, mshipi unarushwa kwa kuuzungusha hewani, na mtoto hurusha mita kumi akijitahidi. Akishajua kwamba samaki wako mbele zaidi, ataanza kumwomba mwenye mtumbwi ampeleke. Siku ya kwanza ataomba ruhusa kwako. Maji ya asubuhi hudanganya kwa utulivu wake, mchana upepo wa ziwani unaamka na mawimbi yanapanda, na dhoruba za usiku kwenye ziwa hili wavuvi wazima wanaziogopa. Kama familia yako ni ya wavuvi na mtoto atatoka na baba au babu yake, mchana, amevaa boya la kuokolea lililofungwa kamba zote, hapo mshipi wa mkono ni chaguo halali na atajifunza kwa walio bora. Nje ya hapo, subiri.

Kuna mahali pamoja tu ambapo ningempa mshipi mtoto aliye nchi kavu: kwenye jiwe pana, tambarare, lenye maji marefu yanayoanza hapo hapo chini yake, kama yalivyo baadhi ya mawe ya Bwiru. Hahitaji kurusha, anashusha tu. Na mtu mzima awepo, kwa kuwa maji marefu yanayoanza hapo hapo ni marefu kwa mtoto pia.

Fimbo ya rili

Hii ndiyo watoto wanayoiota, kwa sababu wameiona kwenye simu. Na sitaki kuwavunja moyo, kwani ni zana nzuri kweli. Kijana aliyeishika vizuri hurusha mita 25 hadi 30 akiwa amesimama mahali pakavu, na breki ya rili humpa samaki mkubwa uzi wa kukimbilia badala ya kuukata. Kwa sangara wa ufukweni hakuna bora.

Kwa umri huu chukua fimbo ya mita 1.8 hadi 2.1, si zaidi. Rili iwe ile inayoning'inia chini ya fimbo, yenye kiwaya cha kufungua na kufunga uzi, ukubwa wa 2500 au 3000 kama ulivyoandikwa ubavuni. Zile za kufunikwa zenye kitufe cha kubonyeza ni rahisi zaidi kujifunza, ila uzi ukijisokota ndani huoni kinachoendelea, na mchanga ukiingia ndio mwisho. Fukwe zetu zina mchanga kila mahali.

Tahadhari kubwa ni seti za bei poa zinazouzwa zikiwa na kila kitu ndani ya plastiki moja. Nilinunua moja mjini kwa ajili ya binti yangu, nikavutiwa na rangi. Siku ya tatu skrubu ya mkono wa rili ilikatika akiwa anavuta, na uzi uliokuja nayo ulikuwa mkavu kiasi kwamba niliukata kwa kuuvuta kwa vidole. Niliporudi dukani waliniambia bidhaa ikishatoka hairudi. Binti alilia, nami nilijifunza kukagua kabla ya kutoa hela.

Nakagua hivi. Nazungusha mkono wa rili taratibu, sikio karibu: sauti iwe moja, laini, bila kukwaruza wala kugonga. Naukamata mkono wenyewe nautikisa upande hadi upande, ukicheza sana nairudisha. Nafunga breki mpaka mwisho, kisha nailegeza kidogo kidogo huku navuta uzi: utoke kwa ulaini, si kwa kushikashika kama gari lenye klachi mbovu. Halafu nachukua kipande cha pamba, nakipitisha ndani ya kila kipete cha fimbo. Pamba ikiacha nyuzi nyuzi, kipete kina ufa, na ufa huo utakata uzi siku ya samaki mkubwa. Muuzaji akikukunjia uso kwa ukaguzi huo, toka.

Ukishanunua, tupa uzi ulioletwa nayo na uweke mpya wa milimita 0.28 au 0.30. Breki irekebishwe ianze kuachia uzi ukivutwa kwa robo mpaka theluthi ya nguvu yake. Uzi wa kilo 5, breki iachie kwenye kilo moja na robo hadi moja na nusu. Pima kwa kufunga uzi kwenye mfuko wa unga wa kilo moja na kuuinua taratibu: kwenye mfuko huo breki ikae kimya, ukiongeza nusu kilo ya sukari ianze kuachia. Baada ya kila safari rili ifutwe kwa kitambaa chenye unyevu, isizamishwe kwenye ndoo.

Hatari yake ni mbili. Ya kwanza ni nyuma ya mtoto. Anaporusha, ndoana hupita nyuma ya kichwa kwa kasi, na fukwe zetu hazina faragha, kuna mama anaosha vyombo, kuna mdogo wake anayechungulia. Afundishwe kugeuza kichwa na kusema "narusha" kwa sauti kila mara, hata akiwa peke yake, mpaka iwe kama kupumua. Ya pili nimeshaitaja: kunasa. Mawe ya Mwanza hula ndoana. Mtoto aliyepewa fimbo ya gharama hataki kupoteza kitu, atavua viatu na kuingia. Huko ndani kuna konokono wanaobeba kichocho, hasa penye majani na maji yaliyotulia, na vijidudu vyake hutoka kwa wingi jua linapokuwa la mchana na kupenya kwenye ngozi bila mtu kuhisi. Kuna sehemu za ziwa zenye mamba na viboko. Basi kabla hajarusha mara ya kwanza mwambie kwa maneno haya haya: ikinasa, kata. Na mpe ndoana kumi za akiba ili neno lako liwe na maana, kwani huwezi kumwambia mtoto akate huku umempa moja.

Nyavu, kwa ufupi

Mtoto atakuja na habari kwamba wenzake wanavuta kokoro, ule wavu mrefu unaoburutwa mpaka ufukweni, jioni na kugawana samaki. Jibu ni hapana. Kokoro na nyavu za timba, zile za uzi mmoja wa plastiki, ni marufuku chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake za 2009, zinazoa vifaranga pamoja na wazazi wao, na anayevuta yuko majini mpaka kifuani. Kila nililosema kuhusu miguu kukaa pakavu linavunjwa hapo kwa mara moja.

Ndoana, iwe zana ipi

Namba za ndoana huwachanganya wazazi. Namba ikipanda, ndoana inapungua: 12 ni ndogo kuliko 8. Sato ana mdomo mdogo, namba 10 au 8 inamtosha. Wauzaji hupenda kukupa kubwa kwa imani kwamba kubwa hukamata kubwa. Kwa sato, kubwa haikamati chochote.

Kwa miezi ya mwanzo, chukua plaizi ubane kile kimwiba kidogo kinachorudi nyuma karibu na ncha mpaka kilale. Samaki wachache watachomoka, ni kweli. Lakini siku ndoana itakapoingia kwenye kidole cha mtoto, na siku hiyo ipo, itatoka ilikoingilia kwa kurudishwa nyuma, machozi mawili na sabuni. Yenye kimwiba haitoki hivyo. Ikizama kwenye nyama, kata uzi, usiivute, mpeleke zahanati, na uulize kuhusu chanjo ya pepopunda. Ikiwa karibu na jicho usiiguse kabisa.

Fundo ajifunze moja tu na alijue gizani. Pitisha uzi kwenye tundu la ndoana, uzungushe ncha yake mara tano juu ya uzi wenyewe, irudishe ndani ya kile kitanzi kilichobaki karibu na tundu, lowesha kwa mate, kaza polepole. Mate si ushirikina, uzi mkavu ukikazwa huungua kwa msuguano na kukatikia hapo hapo.

Chambo ni nyungunyungu, na wanapatikana pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa. Donge la ugali nalo linafanya kazi kwa sato, likikandwa na unga kidogo lisimumunyuke haraka.

Mwonyeshe pia namna ya kushika. Sato ana miiba mgongoni, mkono upite kutoka kichwani kwenda mkiani kuilaza. Gogogo ana miiba mitatu inayosimama na kujifunga wima, usimkamate kwa kiganja, mshike kwa kitambaa. Sangara ana kingo kali kwenye mashavu. Kamongo mwachie mtu mzima, taya zake zinavunja. Na akimvua sato jike ambaye mdomoni mwake kuna mayai au vitoto vinavyomwagika kama punje za ulezi, amrudishe majini taratibu hata kama amepita mkwaju wa 25. Jike huwatunza mdomoni mpaka wajitegemee, na mtoto akishaliona hilo kwa macho yake mara moja hahitaji hotuba.

Kabla ya safari ya kwanza pita kwa afisa uvuvi wa eneo lenu au kwa BMU, kikundi kinachosimamia mwalo, uulize utaratibu wa kibali na maeneo ya mazalia yaliyofungwa. Maji yanayozunguka kisiwa cha Saanane ni ya hifadhi ya taifa, usimpeleke huko.

Basi nani apewe nini

Mtoto anayekaa karibu na ziwa, hajawahi kuvua, umri 12 hadi 14: mwanzi, bila kusita. Hata kama hela ya rili unayo. Aumalize msimu mmoja nao.

Mtoto wa umri huo huo anayekaa mbali na maji na anasafiri kwa daladala: fimbo ya kuchomoana ya nyuzi za kioo, mita 3, bila rili. Ni mwanzi unaoingia kwenye begi.

Mtoto ambaye ameshavua mwaka mzima, anafunga fundo mwenyewe, ameshakata uzi ulionasa mbele yako bila kununa: huyo rili anaistahili. Kununa kwake ndiko ninakokutazama zaidi. Anayegombana na jiwe kwa ajili ya ndoana bado.

Mtoto wa mvuvi, anayetoka na mzazi wake: mshipi wa mkono, uzi mnene, glovu, boya mwilini.

Dada, kwa mwanao ni mwanzi. Usinunue kitu. Jumamosi saa moja asubuhi nitakuwa Igombe na mianzi miwili, wake na wangu, na ndoana zilizobanwa. Wewe nitafutie ndala iliyokatika, na mwambie mpwa wangu achimbe nyungunyungu Ijumaa jioni, awaweke kwenye kopo lenye udongo, kivulini.